Nchi Iliyosimama Wima

Kwenye ramani ya Kenya, Marakwet ni kipande chembamba. Kidole kimoja kinaifunika yote, kutoka vilima vya Cherang'any upande wa magharibi hadi Mto Kerio upande wa mashariki, na anayepima kwa rula atadhani ni mahali pa kuvuka asubuhi na kurudi kabla ya chai ya saa kumi. Ramani haina namna nzuri ya kuonyesha ukuta. Kule chini, karibu na soko la Tot, sakafu ya bonde iko kama mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari, na joto lake ni la nyika: migunga, vumbi jekundu, mbuzi waliopanda juu ya matawi kutafuta majani. Kule juu, nyuma ya ukingo, vilele vya Cherang'any vinapita mita 3,300, na mwezi wa Julai watu hulala wamejifunika blanketi mbili na bado wanalalamika. Kati ya joto lile na baridi hii hakuna safari ya siku. Kuna mteremko mmoja, mkali kiasi kwamba mtu aliyesimama juu anaweza kumwona aliye chini akichoma magugu shambani, na bado ikamchukua nusu ya siku kumfikia kwa miguu.

Nina hoja moja tu katika sura hii. Marakwet haisomeki kwa upana. Inasomeka kutoka juu kwenda chini. Wenyeji wameisoma hivyo kwa karne nyingi na wakajenga maisha yao yote juu ya usomaji huo. Serikali, ya mkoloni na zilizoifuata, zimeisoma kwa upana, tarafa baada ya tarafa, wizara baada ya wizara, na matatizo mengi ya huku yanaanzia hapo.

Tuanze na mawe. Mlima Kenya, Elgon na Aberdare ni milima ya volkano, na Mkenya aliyesoma jiografia ya darasa la saba huelekea kudhani kila mlima wa nchi yake uliwahi kutapika moto. Cherang'any haikutapika kitu. Ni miamba ya kale sana, ya msingi wenyewe wa bara, iliyobaki imeinuka wakati ardhi ya mashariki yake ilipokatika na kuzama ili Bonde la Ufa lipate nafasi. Kilichobaki pale ilipokatika ndicho kinachoitwa ukingo wa Elgeyo. Ng'ambo ya bonde kuna vilima vya Tugen, Baringo, na katikati Mto Kerio unakwenda kaskazini, mwembamba wakati wa kiangazi na mkorofi wakati wa masika, hadi unapokwisha katika Ziwa Turkana. Mgongo wa Cherang'any unagawa maji. Tone linaloangukia upande wa magharibi huingia Moiben na Nzoia, likaishia Ziwa Victoria na, likibahatika, Misri. Linaloangukia upande wa mashariki huingia Arror, Embomon au Embobut, likatumbukia ukingoni kwa kishindo na kufika Kerio, na kutoka hapo haliendi kokote ila Turkana, ziwa lisilo na mlango wa kutokea.

Mvua nayo ina upendeleo. Mawingu huangusha mzigo wao juu, msituni, na yanapofika bondeni hayana kitu cha kutoa. Kwa hiyo udongo mzuri na wa moto, unaoweza kukomaza mtama na wimbi upesi, uko mahali pasipo na mvua ya kutegemewa, na maji yako mahali ambapo mtama haukomai kwa sababu ya baridi. Hili ndilo fumbo ambalo jiografia iliwategea Wamarakwet, na jibu lao ndilo lililowafanya wawe Wamarakwet.

Wenyeji huigawa nchi yao kwa ngazi tatu. Juu ni mosop, nchi ya baridi, ya malisho mabichi, ya viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Chini ni kew, sakafu ya bonde, ya mtama, wimbi, mihogo, na sasa maembe, na malisho ya mbuzi. Katikati ni lagam, mteremko wenyewe, na huko ndiko watu wengi wa upande wa Kerio walikochagua kujenga. Mgeni akiliona hilo mara ya kwanza hudhani watu wamechanganyikiwa. Mbona waache tambarare, wajibanze kwenye majukwaa madogo ya udongo yaliyozuiwa kwa kuta za mawe, nyumba moja juu ya paa la nyingine? Lakini hesabu ni rahisi. Mbu wa malaria ni wa chini. Wezi wa mifugo, tangu zamani, huja kwa njia ya chini, na aliye juu huwaona mapema. Maji ya mito hupita hapo hapo, kabla hayajapotelea mchangani. Na ardhi tambarare ni chache mno kuitandikia nyumba wakati inaweza kutandikiwa mtama.

Basi koo nyingi zikajipatia ardhi kwa namna ya ukanda ulionyooka kushuka. Ukoo unaomiliki kipande bondeni una makazi yake juu ya kipande hicho, na mara nyingi una malisho au msitu juu zaidi, kwenye mstari ule ule. Mipaka hukimbia na mteremko, haiukati. Familia moja inaweza kuvuna wimbi kew, kulala lagam na kuwa na ng'ombe wanaolishwa na shemeji mosop. Ukame ukiipiga ngazi moja, ngazi nyingine hubaki. Mimi sijaona bima ya mazao iliyobuniwa katika ofisi yoyote ya Nairobi ikafanya kazi hiyo kwa uaminifu zaidi.

Sasa mifereji.

Mtu akisimama barabarani kati ya Arror na Chesegon, akatazama ukingo upande wa magharibi, ataona mistari ya kijani inayokata mwamba mkavu, karibu ilale kabisa, kama mkanda uliofungwa kiunoni mwa mlima. Huo ni uoto unaokunywa maji yanayovuja kwenye mifereji. Ndani ya kila mstari kuna maji yaliyochepushwa kutoka mtoni mahali pa juu, mto ungali korongoni, yakapewa mteremko mdogo sana, mdogo kuliko jicho linavyoweza kupima, ili yazunguke mlima taratibu huku mto wenyewe ukiporomoka chini yake. Kadiri mfereji unavyoendelea ndivyo unavyozidi kuachana na mto, hadi unajikuta juu ya mashamba yaliyo mbali. Hapo unafunguliwa. Mifereji mikuu iko kwa makumi, baadhi ina urefu unaopita kilomita 10, na wanahistoria wanakubaliana kwamba kazi hii ilianza karne kadhaa kabla ya Mzungu wa kwanza kuipitia.

Jinsi ilivyojengwa inastahili kusemwa polepole. Hapakuwa na chombo cha kupasulia mwamba isipokuwa jembe na kijiti cha kuchimbia. Jabali lililoziba njia liliwashiwa moto mpaka likapata joto, kisha likamwagiwa maji baridi, likapasuka. Pale mlima ulipokatika wima na hapana pa kuweka mguu, walishika magogo, wakayachomeka kwenye nyufa, wakayatandikia matawi, mawe, majani na udongo, na maji yakapita hewani, mita kadhaa juu ya bonde. Penye korongo waliweka gogo lililochongwa tumbo. Kichwani mwa mfereji, mtoni, kizuizi hakikuwa cha kudumu: ni mawe, magogo na matawi yaliyosukwa. Wahandisi wengi wamekicheka kizuizi hicho kwa sababu mafuriko hukibeba karibu kila mwaka. Wamesahau kuuliza kama hilo ndilo kusudi. Mto ukifurika, kizuizi kinakwenda, na maji mengi yanabaki mtoni badala ya kuingia mferejini na kuubomoa kwa kilomita nzima. Kujenga kizuizi upya ni kazi ya siku chache. Kujenga upya mfereji uliobomoka kwenye jabali ni kazi ya kizazi. Miradi ya misaada iliyokuja na saruji tangu miaka ya 1980 imesaidia mahali fulani, sikatai, lakini saruji haijui kuachilia.

Na nani aliyepima? Hakuna aliyepima kwa chombo. Maji yenyewe yalikuwa chombo: unachimba hatua chache, unayaacha yafuate, yakisimama umekosea, yakikimbia umekosea, yakitembea endelea. Mwaka 1941 ofisa wa kikoloni, R. O. Hennings, aliyeandika juu ya mifereji hii katika jarida moja la jiografia huko Uingereza, hakuficha mshangao wake. Mshangao wa aina hiyo umeendelea kuandikwa na wageni tangu hapo. Mimi huona umewekwa mahali pasipo pake. Kuyaongoza maji kwenye mwamba ni ustadi, na ustadi hupatikana. Kinachoshangaza zaidi ni kuyagawa maji hayo kwa karne nyingi, kati ya watu wenye njaa ya mashamba, bila askari.

Mgawanyo huo una sheria zake. Mfereji ni wa ukoo, au wa koo kadhaa zilizouchimba pamoja, na haki ya maji hutokana na jasho la babu: ambaye baba zake hawakuchimba hana zamu, ila akikopeshwa au akiingizwa kwa makubaliano. Zamu hupangwa kwanza baina ya koo, kisha ndani ya ukoo baina ya nyumba, na hupimwa kwa jua. Kuna zamu ya mchana na kuna zamu ya usiku, na atakayepewa ya usiku atakesha shambani na kurunzi, jembe mkononi, akifungua na kufunga vijia kwa matope. Wanaoamua ni kokwo, baraza la wanaume watu wazima linalokaa chini ya mti wake maalumu. Kokwo haina mwenyekiti wa kupiga meza. Kila mtu husema, wengine kwa urefu wa kuchosha, mpaka maneno yanaanza kuelekea upande mmoja, na mzee mmoja anayaokota na kuyasema kama uamuzi. Ukikosa siku ya kukarabati mfereji, unatozwa faini. Ukiiba maji, yaani ukifungua kijia chako wakati wa zamu ya mwenzako, faini inakuwa kubwa zaidi, na mara nyingi ni mbuzi, ambaye huliwa na baraza hapo hapo. Hukumu inayoliwa siku ile ile haikatiwi rufaa.

Lipo jambo ambalo wasifu wa mifereji hii hulipita haraka. Kwa desturi mwanamke haruhusiwi kufanya kazi kwenye mfereji mkuu wala kukaribia kichwa chake. Analima, anapanda, anapalilia, anavuna, anabeba mtama mgongoni kupanda lagam. Maji yanayoukuza mtama huo anayapata kupitia mume, mwana au kaka. Ukiuliza sababu utaambiwa ni mwiko, kwamba mfereji utakauka au utabomoka. Ukifuata hesabu utaona kwamba aliyezuiwa kuchimba amezuiwa pia kudai, kwa kuwa haki inatokana na kuchimba. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliyekua analijua hilo bila kuelezwa. Siku hizi mipira ya maji na mabomba ya miradi imeanza kulegeza sheria hiyo, kwa sababu hakuna mwiko uliotungwa kwa ajili ya bomba.

Afrika Mashariki haikukosa mafundi wengine wa namna hii. Wachagga wana mifongo yao Kilimanjaro. Wabatemi, wanaojulikana pia kama Wasonjo, humwagilia kwa utaratibu wa wazee kaskazini mwa Tanzania. Na Engaruka, huko huko Tanzania, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna magofu ya mashamba ya mawe na mifereji ya watu walioondoka takriban miaka 300 iliyopita. Tofauti ni kwamba Engaruka watalii hulipa kiingilio kutazama. Marakwet maji bado yanapita.

Mpangilio huu wa juu na chini umeingia mpaka uani. Mwanaanthropolojia Henrietta Moore, aliyeishi na Waendo, kundi la Marakwet la upande wa Tot, alichapisha mwaka 1986 kitabu ambacho wanafunzi wa anthropolojia duniani kote hulazimishwa kukisoma, na kiini chake ni takataka. Aligundua kwamba majivu ya jikoni, samadi ya mbuzi na makapi ya nafaka hayamwagwi pamoja. Kila kimoja kina mahali pake kuzunguka nyumba. Na mtu akifa, mzee huzikwa upande wa samadi, mwanamke mzee upande wa makapi. Mbuzi ni wa mwanamume, nafaka ni ya mwanamke. Mtu anaweza kubishana na tafsiri za Moore, na wapo waliobishana, lakini hakuna Mwendo aliyehitaji profesa kumwambia mahali pa kumwaga majivu.

Wakoloni walipofika walichukua kwanza kile kisicho wima. Nyanda za magharibi za Trans Nzoia na Uasin Gishu ziligawiwa walowezi, na Wasengwer, wawindaji na wafuga nyuki waliozunguka kati ya nyanda hizo na msitu, wakajikuta wamebaki na msitu peke yake. Mteremko haukumvutia mlowezi yeyote, kwa hiyo Marakwet ilisalia na Wamarakwet, ikitawaliwa kutoka Tambach, upande wa Elgeyo, yaani Keiyo. Wamishonari wa Africa Inland Mission walijenga hospitali Kapsowar katika miaka ya 1930. Shule zikaja polepole, na mmoja wa waliopanda ngazi hizo alikuwa Benjamin Kipkorir, aliyesoma hadi udaktari wa historia Cambridge, akawa balozi wa Kenya Washington. Kitabu chake cha 1973 juu ya Wamarakwet, alichokiandika na F. B. Welbourn, bado ndicho cha kuanzia kwa yeyote anayetaka kuijua nchi hii. Marakwet ikawa wilaya kamili mwaka 1994, makao yake Kapsowar, na baada ya katiba ya 2010 ikaunganishwa tena na Keiyo katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet yenye makao Iten. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 454,480 katika kaunti nzima.

Msomaji amekuwa akisubiri wanariadha, najua. Iten, kule Keiyo, ndiko kunakojaza wageni wenye viatu vya rangi. Sehemu ya Marakwet katika hadithi hiyo ni mahususi zaidi: mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Moses Kiptanui, mtoto wa huku, alikuwa mtu wa kwanza duniani kuzimaliza chini ya dakika nane, Zurich, 1995. Ezekiel Kemboi alichukua dhahabu ya Olimpiki 2004 na 2012, na katikati yake, 2008, dhahabu ilikwenda kwa Brimin Kipruto, naye wa Marakwet. Kuna wanaoeleza hili kwa damu, wengine kwa uji wa wimbi. Mimi nimechoka na maelezo hayo yote, na nitasema tu kwamba mtoto aliyelelewa lagam hajui kutembea bila kuruka kitu.

Turudi chini, Kerio. Mto huo ni mpaka, na ng'ambo yake ni Wapokot, ambao lugha yao ni ndugu ya Kimarakwet, na ambao kwa miaka mingi wamebadilishana na Wamarakwet mbuzi, asali na nafaka, na wake. Wamebadilishana pia uvamizi. Zamani uvamizi ulikuwa na mipaka: mishale, vijana, ng'ombe. Bunduki za kivita zilizoenea katika ukanda huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ziliondoa mipaka hiyo. Machi 2001 wavamizi waliingia Murkutwa, bondeni, wakaua makumi ya watu na kuchoma nyumba, na tangu hapo kila mzee wa bonde huhesabu miaka kwa kabla na baada. Kila wimbi la mashambulizi huwa na matokeo yale yale: walioshuka kujenga karibu na barabara, shule na zahanati hupanda tena lagam. Shule za chini hufungwa. Mashamba ya karibu na mto, yale yenye udongo mzito zaidi, hugeuka vichaka, kwa sababu hakuna atakayekesha na maji ya usiku mahali anapoweza kupigwa risasi. Kwa hiyo mfereji unaweza kuwa mzima kabisa, kizuizi kimefungwa, zamu zimepangwa, na bado maji yakakosa shamba la kwenda.

Serikali hulitazama hilo kama suala la usalama wa bonde, ikaleta askari, ikaandika polisi wa akiba, ikatangaza amri ya kutotoka usiku. Amri hiyo huwazuia wezi kiasi. Humzuia mwenye zamu ya usiku kabisa.

Juu, kuna msitu wa Embobut. Ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1954, ukiwa na Wasengwer ndani yake, na ni sehemu ya Cherang'any, mojawapo ya vyanzo vikuu vitano vya maji vya Kenya pamoja na Mau, Mlima Kenya, Aberdare na Elgon. Walioishi humo kufikia mwanzoni mwa karne hii hawakuwa wa aina moja. Kulikuwa na Wasengwer wanaosema, kwa haki, kwamba msitu uliwakuta. Kulikuwa na waliokimbia machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Na kulikuwa na watu wa lagam ambao ardhi yao iliporomoka, wakahamia juu kwenye nafasi zilizo wazi msituni kwa sababu hapakuwa na kwingine. Mwishoni mwa 2013 serikali iliahidi kila familia shilingi 400,000 iondoke. Januari 2014 walinzi wa misitu waliingia na kuchoma nyumba za waliobaki. Januari 2018, baada ya Msengwer mmoja kupigwa risasi na kufa, Umoja wa Ulaya ulisitisha fedha za mradi wake wa kuhifadhi vyanzo vya maji.

Hapa naomba msomaji asinielewe vibaya. Msitu ule lazima ubaki. Mifereji yote niliyoisimulia inaanzia humo, na ukikatwa, mito itakuwa ya matope mwezi mmoja na ya mawe makavu mwezi unaofuata. Watu wa chini wanalijua hilo kuliko mtu yeyote wa mradi, na wengi wao hawakuwaonea huruma sana waliofukuzwa. Lakini mpango ulioandikwa kwa ajili ya msitu peke yake ulichukua watu walioporomokewa na lagam, ukawapa hundi, ukawarudisha chini bila kuuliza wangejenga wapi. Fedha hizo hazikutosha kununua ardhi tambarare Uasin Gishu. Zilitosha kununua kipande kingine cha mteremko.

Na katikati, kwenye mteremko wenyewe, mambo yamebadilika. Watu wameongezeka, vipande vya lagam vilivyoachwa na wazee kwa sababu ni vikali mno sasa vinalimwa, na miti iliyoshikilia udongo imekuwa makaa. Mvua nayo haiji tena kidogo kidogo. Aprili 2020 mafuriko na matope yalilifagia soko la Chesegon, mpakani na Pokot Magharibi. Usiku wa kuamkia 1 Novemba 2025 mlima uliporomoka Chesongoch na maeneo ya jirani, ukazika nyumba watu wakiwa usingizini. Zaidi ya 20 walikufa, wengine hawakuonekana, na barabara zilifungwa kiasi kwamba majeruhi walichukuliwa kwa ndege. Waziri wa usalama wa ndani aliyesimamia uokoaji, Kipchumba Murkomen, mwenyewe ni mzaliwa wa Marakwet Mashariki, kwa hiyo safari hii hakuna aliyehitaji kumwelekeza njia.

Kabla ya hapo kulikuwa na ndoto kubwa ya mabwawa. Mwaka 2017 serikali ilitia sahihi mikataba ya kujenga mabwawa ya Arror, Marakwet, na Kimwarer, Keiyo, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban shilingi bilioni 63. Yangeleta umeme na umwagiliaji bondeni. Kilicholetwa ni kesi. Julai 2019 waziri wa fedha alikamatwa pamoja na maofisa wengine. Desemba 2023 mahakama iliwaachilia, hakimu akiwalaumu waendesha mashtaka kwa kazi mbovu. Mahali pa bwawa la Arror bado kuna mto wa Arror, na kwenye mto huo, kizuizi cha mawe na matawi, na mfereji, na mtu mwenye jembe anayesubiri zamu yake. Sisemi mifereji inatosha. Idadi ya watu imeipita zamani, na kijana mwenye cheti cha kidato cha nne hataki kuning'inia kwenye jabali kwa ajili ya faini ya mbuzi. Wengi wa umri wake wanaendesha bodaboda au wako mjini, na mifereji ambayo zamani ilikarabatiwa kwa siku mbili sasa huchukua wiki kwa sababu waliojitokeza ni wazee.

Baada ya Chesongoch ushauri ulitoka haraka: wanaoishi kwenye mteremko wahame. Ni ushauri sahihi na unatolewa kila mara, na kila mara mwenye kuupokea huinua macho, kisha huyateremsha. Juu ni Embobut, na Embobut kuna walinzi. Chini ni kew, na kew kuna bunduki, mbu, na matope ya mlima ule ule unaoshuka hadi huko mvua ikizidi. Waliobahatika kuwa na ndugu mosop wamejibanza kwao, ekari moja ikigawanywa mara nne. Waliobaki hutazama magharibi, kwenye miji. Kwa wengi mji huo ni Eldoret. Huko watapanga chumba kimoja Langas au Huruma, na maji watakayonunua yatatoka bwawa la Chebara, juu ya Mto Moiben, katika vilima vya Cherang'any. Kaunti yao imekuwa ikidai malipo ya maji hayo kwa miaka. Bili huja mwisho wa mwezi.